Karatasi za Penseli Ndani ya Maboksi ya Gemu

Juzi Faraji, mpangaji wangu wa chumba cha uani, aliniamkia shikamoo, na kabla marahaba haijanitoka vizuri mdomoni akaniuliza: "Mzee Shomari, si wewe ndiye uliyekuwa mtu wa magemu Kariakoo? Nina hela ya gemu moja tu. Ninunue CD yenyewe au nidaunlodi?" Nikamwambia nenda zako, kiuno kinaniuma. Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Swali hilo nililijibu mara moja katika maisha yangu, nikalijibu vibaya, na aliyeumia si mimi.

Sasa nalijibu kwa maandishi, nyote msome, mnipumzishe. Nimefanya kazi ya gemu Mtaa wa Sikukuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeuza, nimebadili, nimetengeneza. Mama yangu hakuikubali kazi hiyo mpaka anaingia kaburini. "Shomari, na ndevu zako zote hizo unauza michezo ya watoto?" Nikimwambia wateja wangu wana vitambi na wake wawili wawili, anageukia ukutani.

Na msije mkakaa mkingoja kuchekeshwa, nawaambia mapema habari yenyewe. Inahusu mwanamke mmoja aliyekufa, na mumewe aliyeniachia karatasi zake nimtunzie. Nilizipoteza kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikijiona mjanja.

Huyo mume ni Bwana Kanti. Mhindi, lakini Mhindi wa Kariakoo kabisa, kazaliwa pale pale, Kiswahili chake kilinishinda mimi niliyetoka Rufiji. Alikuwa fundi redio tangu enzi za ukata, zile enzi ambazo ukipata kipuri unakificha kama dhahabu. Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungua milango ya biashara. Makontena yakaanza kushushwa, na Kariakoo ikajaa televisheni, madeki, feni, na mashine za gemu ambazo hata aliyeziagiza hakujua ni kitu gani. Bwana Kanti alinunua moja iliyoharibika, akaifungua, akaitazama asubuhi nzima, akasema, "Hii ni redio isiyoimba." Mchana ikawa inafanya kazi.

Mimi alinichukua kwa sababu nilikuwa na mgongo. Televisheni za wakati ule zilikuwa nzito, na mtu wa kuzipandisha ghorofani kwa wateja alihitajika. Ufundi nilijifunza baadaye, tena kwa kupigwa vikofi vya mkono.

Kikofi cha kwanza kilikuwa cha kupuliza. Kaseti za gemu zilikuwa na meno ya shaba chini, zikishika vumbi picha haitoki. Basi mji mzima ulikuwa unazipuliza, fuu, fuu, na mimi nikapuliza. Bwana Kanti akanichapa mkono. "Mate yana chumvi, Shomari! Unaitia kutu kaseti ya mtu." Akanionyesha: kijiti cha kiberiti, pamba kidogo, spiriti. Unasugua upande mmoja tu, huendi na kurudi. Halafu unaiacha ikauke huku unahesabu mpaka mia, wala huongei na mtu. Watu walikuwa wanatoka Temeke mpaka Sikukuu kuja kusuguliwa kaseti kwa pamba.

Kosa langu kubwa la miaka ile lilimpata karani mmoja wa benki, mtu wa tai, mwenye adabu zake. Alikuwa na kaseti ya kujenga mji. Kila saa ya chakula cha mchana anakuja na andazi lake, anakaa kwenye benchi letu la nyuma, anajenga. Mwaka na nusu anajenga. Ndani ya kaseti zile kulikuwa na betri ndogo ya duara, kama ya saa, na hiyo ndiyo inayokumbuka ulipofikia. Betri ya karani ilianza kuchoka. Bwana Kanti alikwenda sokoni, akaniambia nisiiguse mpaka arudi. Nikaigusa. Nikaichomoa ya zamani, nikalehemu mpya, nikasafisha vizuri kabisa, nikawasha. Mji haupo.

Karani alikaa kwenye boksi la televisheni. Akailegeza tai. "Mji wangu," akasema. "Shomari, mji wangu wote. Nilishafika mpaka uwanja wa ndege." Mimi nikamwambia si ataanza tu upya, mji si upo kichwani? Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Aliendelea kuja dukani miaka mingi na kusalimia kila mtu, hata paka, isipokuwa mimi.

Bwana Kanti aliporudi hakunipiga kikofi. Alifungua kaseti nyingine, akaichomeka mashineni ikiwa wazi vilevile, akawasha, na umeme ukiwa unapita ndipo akabadili betri. Gemu haikupoteza kitu. "Huondoi cha zamani mpaka cha kushika mahali pake kiwe kimeshika," akaniambia. "Na hukiamini kwamba kimeshika mpaka ukione kwa macho." Nikasema ndiyo, bwana, nimeelewa. Nilikuwa nasema ndiyo sana siku zile.

Sasa mkewe. Jina lake Sarla, lakini sisi wote tulimwita Mama Nilesh, kwa jina la mwanawe wa pekee. Alikuwa anakaa kwenye stuli karibu na pazia la kuingilia nyumbani kwao, maana walikuwa wanaishi nyuma ya duka. Bwana Kanti alimpa kazi ya kujaribu mashine zilizotengenezwa, kuona kama vitufe vinafanya kazi. Mama wa watu akajaribu. Wiki ya pili akawa anamaliza gemu ambazo wanaume wa Kariakoo walikuwa wameshindwa kufika katikati. Miwani imeshuka puani, ncha ya sari imechomekwa kiunoni, midomo imefumbwa. Watu walitoka Buguruni kuja kushindana naye. Anawapiga mmoja mmoja, kisha anasema, "Haya, nani mwingine? Nina mchele jikoni."

Duka letu lilikuwa na utaratibu wa kubadili. Unaleta kaseti yako uliyomaliza, unaongeza kitu kidogo, unachukua nyingine rafuni. Kaseti moja ilizunguka mji mzima. Tatizo ni kwamba maelezo yake yalikuwa ya Kijapani au Kiingereza, na wateja wetu hawakujua hiki wala kile. Mtu anakwama mlangoni wiki mbili. Basi Mama Nilesh akaanzisha jambo lake. Akishinda mahali pagumu, anaandika kwa Kiswahili namna alivyopita, anakunja karatasi, anaitia ndani ya boksi la gemu. Na mteja akigundua njia asiyoijua yeye, anakuja kumwambia, naye anaongeza. Mtu aliyebadili kaseti alipata na karatasi yake humo humo. Sharti lilikuwa moja: irudi.

Hakuwa na daftari. Aliandika nyuma ya risiti, ndani ya pakiti za majani ya chai zilizochanwa, kwenye vipande vya mifuko ya kaki ya sukari. Na sikuzote kwa penseli. Nilimuuliza mbona asitumie peni, akaniambia peni ni ya watu wasiokosea.

Mngeona alivyoandika! Hakuwa na upole hata kidogo. "Mlango wa kulia ni mtego. Nimeshakwambia, usije ukanililia." "Hili jitu lipige goti, usoni halisikii." "Hapa ruka mara mbili. Si moja. Wanaume wote mnaruka mara moja, sijui mna haraka ya wapi." Nyingine alichora ramani, na kwenye ramani aliandika: "Hapa pumzika unywe maji." Nilimwona mara nyingi mtu mzima amesimama pale kaunta anasoma karatasi na kucheka peke yake.

Halafu Mama Nilesh akaumwa. Sitaki kueleza ugonjwa. Alipokuwa hawezi tena kukaa kwenye stuli tulimpelekea mashine kitandani, na alipokuwa hawezi kushika pedi ya kuchezea alinielekeza mimi nicheze, akawa ananitukana kwa Kigujarati kila nikianguka shimoni. Karatasi ya mwisho aliandika akiwa amelala. Maandishi yanapanda, yanashuka. Alikufa asubuhi, soko limechangamka, na Bwana Kanti akatoka akafunga mlango wa duka yeye mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla ya magharibi.

Nilesh alikuwa Uingereza siku nyingi. Akaja, akamaliza mambo ya msiba wa Kihindu, akaamua baba yake hawezi kubaki peke yake. Bwana Kanti hakubisha. Nguvu ya kubisha hakuwa nayo. Duka akaniachia mimi, na siku ya kuondoka akanisimamisha mbele ya rafu.

"Mashine uza. Kaseti uza. Rafu ukitaka vunja," akaniambia. "Karatasi za Sarla zitunze."

"Si uende nazo, bwana?"

"Nikazifungie kwenye sanduku? Huko nani atazisoma?" Akachomoa moja, akaisoma, akairudisha. "Hapa zinafanya kazi. Yeye alipenda kazi. Nikitulia huko nitakuja kuzichukua. Nina picha zake, Shomari, lakini picha haziongei. Hizi zinaongea."

Nikamwambia bwana, hata nyumba ikiungua nitaanza na karatasi. Naapa nilimaanisha.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwaminifu. Kaseti zikaisha, zikaja CD, nikabadilika nazo. Nilijifunza kusafisha CD kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Niligundua kwamba mikwaruzo myembamba inaondoka kwa dawa ya meno, ile nyeupe, si ya rangi. Nilijua kutofautisha orijino na ya kuchoma, yaani ya kunakiliwa, kwa kuigeuza tu kwenye mwanga. Kila sikukuu ya Diwali Bwana Kanti alinipigia simu.

"Karatasi zipo?"

"Zipo, bwana."

"Zinasomwa?"

"Zinasomwa."

La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilianza kuwa uongo, maana wateja wapya hawakuwa na haja nazo. Mashine zimebadilika, gemu zimebadilika, na vijana walikuwa wanaingia intaneti kafe kutafuta njia za kupita. Nilikuwa nazipangusa vumbi mimi tu.

Kisha mwenye jengo akauza. Mnaijua Kariakoo ya sasa, kila penye nyumba ya chini palitakiwa ghorofa. Tukapewa muda wa kuhama. Fremu ya duka niliyoipata jirani ilikuwa nyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Rafu haiingii. Hapo ndipo nilipolijibu swali la Faraji.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuvichukua vitu vyote nikavirundika hapa Magomeni, chumba cha uani ambacho Faraji anakaa leo, nikakosa kodi yake. Au ningeweza kuvitia vyote kwenye kompyuta. Wakati huo kompyuta ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Mteja anakuja na flashi, unamkopia, anaondoka. Hakuna mkwaruzo wala vumbi, na hakuna anayechukua akaacha kurudisha. Gemu inatoka kwako na bado unabaki nayo! Mimi niliyehangaika miaka yote na watu wanaohama mji na kaseti zangu niliona kama muujiza. Nilimwambia kila aliyepita: kushika kitu mkononi ni ushamba, mambo sasa yamo ndani ya diski ya kompyuta.

Gemu nilizikopi moja moja, na kila moja niliifungua nikaicheza kidogo kuhakikisha, maana hizo zilikuwa za kuuza.

Karatasi nazo sikuzisahau. Ningezisahau ingekuwa nafuu, leo ningesema niliteleza. Nilizitoa ndani ya maboksi zote, mia mbili na kumi na nne, nikazinyoosha kwa pasi, na kila moja nikaiandika namba pembeni kwa kalamu nene nyeusi ili isije ikachanganyika na gemu nyingine. Nikazipeleka stesheneri kuskaniwa. Dada wa pale akaniuliza, "Mzee, rangi, au nyeusi na nyeupe?" Nikauliza tofauti yake ni nini. Akasema ya rangi inachelewa na inakula nafasi. Nikamwambia weka nyeusi na nyeupe, penseli yenyewe ni nyeusi tu. Hakukosea kitu dada yule. Alinifanyia nilichomwambia.

Kesho yake akanirudishia karatasi, na picha zake ndani ya diski. Nikachomeka diski, nikaona orodha: namba moja mpaka mia mbili na kumi na nne, hakuna iliyoruka. Sikufungua hata moja. Wanangu, sikufungua hata moja! Niliona orodha imetimia, nikafunga kompyuta, nikaagiza chai.

Mtauliza kwa nini basi nisibaki na karatasi zenyewe, zinajaza kiroba kimoja tu. Hata mimi najiuliza, na jibu lake linanitia aibu. Nilikuwa nimejisifu sana. Nilikuwa nimewaambia watu vitu vya kushika ni ushamba, sasa nionekane nimebeba kiroba cha karatasi kuukuu? Nilitaka kuzichoma. Rafiki yangu Mudi, anayeuza viatu vya mitumba Mchikichini, akanizuia. "Usichome, nipe mimi." Viatu vya mtumba vinafika vimebonyea, wanavisokotea karatasi ndani, vinasimama, vinapendeza. Nikampa kiroba kizima. Akanishukuru, nikajiona nimetoa na sadaka.

Diwali ikafika. "Karatasi zipo?" akauliza Bwana Kanti.

"Zipo, tena sasa ziko salama zaidi," nikamwambia. "Nimezitia zote kwenye kompyuta."

Akauliza tena: "Zote?"

"Kila moja, bwana. Nina namba zake."

"Ahsante, Shomari," akasema, na alisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Ilipita miaka sita. Biashara yenyewe ikanifia mkononi, maana mkishapata bando mnadaunlodi wenyewe chumbani, mnanihitaji wa nini? Nilikuwa nauza chaja na kava za simu kwenye fremu ile ile nyembamba siku Bwana Kanti alipotokea. Bila taarifa. Amekonda, ana fimbo, koti la baridi limekunjwa mkononi kwenye joto la Dar. Nilimkumbatia nikalia. Naye akalia. Hakutaka soda, wala hakutaka kusikia habari za Kariakoo.

"Nimekuja kuzichukua," akasema. "Daktari ameniambia nisisafiri tena baada ya hapa. Basi nikasema nisafiri hii."

Nikamketisha, nikawasha kompyuta, nikachomeka diski. Diski ilikuwa nzima. Nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kusifiwa. Nikafungua namba moja.

Nyeupe.

Nikadhani kompyuta inachelewa. Nikafungua ya pili. Nyeupe. Ya tatu, nyeupe, na kwenye pembe imeandikwa tatu, nyeusi tii, kwa mwandiko wangu. Penseli ilikuwa hafifu, ya miaka mingi, imeshikwa na mikono elfu. Mashine ilipoambiwa ichague nyeusi au nyeupe ikaichagua nyeupe. Haikuona kitu pale isipokuwa kalamu yangu nene.

"Ngoja, bwana, hii imeharibika," nikasema. Nikaifunga haraka. "Ngoja nikuonyeshe nyingine."

"Endelea," akasema.

Nikafungua ya ishirini, nikafungua ya hamsini, nikataka kuacha.

"Usiruke. Moja moja. Endelea."

Tukazitazama zote. Mia mbili na kumi na nne. Kwenye chache kulikuwa na mstari mmoja mfupi ulionusurika, hujui ni wa herufi au wa mkunjo wa karatasi. Bwana Kanti alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Ile karatasi ya mwisho ya kitandani, iliyopanda na kushuka, nayo ilikuwa nyeupe yenye namba yangu. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hizi ni picha za karatasi tu," akasema taratibu. "Karatasi zenyewe uliziweka wapi?"

Ningeweza kumdanganya nikasema zimeungua. Nilifungua mdomo kumdanganya. Nikamwambia.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, afadhali angenipiga fimbo mbele ya watu wote wa mtaa. Alisimama tu, akachukua koti lake, akasema, "Mchikichini si karibu hapo? Twende."

Mudi tulimkuta. Alimheshimu mzee, akampa benchi, akamwelezea polepole: viatu vinanunuliwa na watu wa mikoani kwa magunia, vinakwenda Mbeya, Songea, vingine vinavuka mpaka, na karatasi mtu akivaa kiatu anaitupa. Miaka sita, mzee. Bwana Kanti alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Halafu akainuka, akaenda kwenye meza ya kwanza ya viatu, akaingiza mkono ndani ya kiatu, akachomoa karatasi iliyosokotwa, akaikunjua.

Gazeti.

Akaisokota tena, akairudisha, akachukua kiatu cha pili. Kurasa za daftari la shule, hesabu za kujumlisha. Cha tatu, gazeti. Wauzaji walianza kucheka, Mudi akawakemea kwa jicho, wakaacha. Mimi nilimfuata nyuma. Nilitaka kumwambia bwana, basi, na sikuwa na haki ya kumwambia. Nikaanza na mimi kuingiza mikono kwenye viatu. Meza baada ya meza, wazee wawili tunakunjua magazeti na kuyarudisha, jua linawaka.

Tulifika kwenye meza ya mama mmoja anayeuza viatu vya kike tu. Hakuwa amesikia kisa chetu. Alimwona mzee anashika kiatu kimoja, anakiacha, anashika kingine, akamkaribisha kwa ucheshi wa biashara.

"Karibu, babu, chagua. Unamtafutia nani?"

"Mke wangu," akasema Bwana Kanti.

"Haya, vizuri! Anavaa namba ngapi, nikuchagulie?"

Bwana Kanti alibaki na kiatu mkononi. Nilimwona anafikiri. Midomo inasogea, kama anapita chumbani kwao, anaangalia chini ya kitanda, nyuma ya mlango, pale viatu vilipokuwa vinawekwa. Kisha akanigeukia mimi, kwa woga ambao sikuwahi kuuona usoni mwake, hata siku ile alipofunga duka.

"Shomari," akasema. "Sarla alikuwa anavaa namba ngapi?"

Sikujua. Yule mama alikuwa bado anatungoja, ameshika viatu viwili.